Mishumaa ya Maharamia

Chukua nyumba moja ya ghorofani huko Silver Spring, Maryland, Jumamosi ya Januari, theluji imeganda nje na watoto hawatoki. Nyumba ni ya mfano na wenyewe siwapi majina, lakini yanayotokea humo hutokea majumbani kweli.

Binti anatimiza miaka 8. Mama yake, mtu wa Tanga anayefanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kaamua mwaka huu bethdei isiwe ya kukata keki na kuangalia katuni tu. Utakuwepo msako wa hazina, hazina ya maharamia. Ramani kaichora mwenyewe, akailoweka kwenye chai ya rangi, akaichoma kingo kwa kiberiti mpaka ikafanana na kitu kilichookotwa pwani. Sarafu za plastiki za rangi ya dhahabu kazificha chini ya mito, ndani ya viatu, nyuma ya pazia la bafuni. Taa za ukutani kazizima, na kwenye ujia wa kwenda vyumbani kapanga mishumaa 12 ya betri, ile midogo ambayo mwanga wake hucheza kama wa moto wa kweli, aliyoinunua mfuko mzima kwenye duka la bei nafuu. Alichagua ya betri makusudi, asije mtoto wa mtu akaungua. Ni mama makini huyu, na msomaji asimwone vingine.

Kabla ya kuanza akawapa watoto kanuni moja: "Ukiona kitu kinang'aa, okota. Ni chako."

Wakubwa wakatimka kama kundi la mbuzi lililofunguliwa zizi. Nyuma yao akawafuata mdogo wake mwenye sherehe, mtoto wa miezi 20. Ramani haijui, fumbo halijui, ila kanuni aliisikia kama walivyoisikia wenzake.

Ukiugeuza mshumaa wa namna hiyo, chini utakuta kifuniko chembamba cha plastiki. Ule wa bei ya chini kabisa mara nyingi hauna skrubu, unafunguka kwa ukucha. Mtoto mmoja akaupiga teke mshumaa mmoja bila kujua, ukagonga ukuta, kifuniko kikaruka, betri ikabingirika hadi kwenye zulia. Ni betri bapa, ndugu ya ile ya saa ya mkononi ila kubwa zaidi, nyeupe kama fedha, upana wake milimita 20, imeandikwa CR2032. Katika nyumba ambamo kila mtu anatafuta sarafu, hiyo nayo ni sarafu. Mwenye miaka 8 angeitia mfukoni. Mwenye miezi 20, mfuko wake ni mdomo.

Hakuna aliyeona. Hazina ikapatikana ndani ya kapu la nguo chafu, watoto wakapiga makofi, pilau ikapakuliwa. Mdogo akakataa pilau, akakataa na keki. Mate yakawa yanamtoka mpaka yakalilowanisha shati kifuani, na kila akimeza anakunja uso.

"Ana nini huyu?" bibi yake akauliza.

"Mafua tu, mama. Tangu jana anakohoa."

Bibi hakubisha. Akaenda kuokota mishumaa ujiani, mmoja mmoja, akiizima na kuirudisha mfukoni. Alipofika wa saba akaugeuza, akauangalia, akautikisa sikioni.

"Mwanangu, mbona huu hauna kitu tumboni?"

Watu wengi hudhani hatari ya betri ni kumkaba mtoto, au kuvuja. Hatari yenyewe ni umeme. Betri ikinasa kwenye umio, unyevu wa nyama huziunganisha pande zake mbili, umeme ukapita, na upande wa hasi ukaanza kutengeneza magadi makali ya jamii ya dawa za kuzibulia mabomba. Magadi hayo hula nyama palepale yalipo. Ndani ya saa 2 jeraha linaweza kuwa baya kabisa. Na usijifariji kwamba ni betri iliyokwisha: ile ambayo haiwezi tena kuwasha taa bado ina nguvu ya kutosha kuchoma. Tena umio umepakana na mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Ndiyo maana wako watoto waliotolewa betri, wakaonekana wamepona, kisha siku au hata wiki baadaye wakavuja damu ndani kwa ndani.

Kwa bahati ya wakazi wa eneo hili, Washington ndiko iliko National Capital Poison Center, kituo kinachopokea simu za nchi nzima kuhusu betri zilizomezwa, usiku na mchana, kwa nambari 800-498-8666. Mama alipiga huku akimvisha mtoto koti. Akaambiwa asimtapishe, asimpe chakula wala maji. Ampe asali vijiko viwili vya chai, arudie kila dakika 10 wakiwa njiani, isizidi mara 6. Na kama asali haimo ndani, wasipoteze muda kuitafuta, waende. Ushauri huu wa asali uliingia kwenye miongozo ya kituo hicho mwaka 2018, baada ya majaribio kuonyesha kwamba asali huifunika betri na kupunguza ukali wa magadi. Ni kwa mtoto aliyetimiza mwaka 1 tu, maana chini ya hapo asali yenyewe inaweza kumletea ugonjwa, na ni kwa betri iliyomezwa ndani ya saa 12. Haitibu. Inapunguza madhara mpaka daktari aitoe.

Mtoto wa kisa chetu alitolewa betri kwa kamera iliyopitishwa kinywani, akalishwa kwa mpira wa puani kwa muda, akapona. Mtoto wa kweli, Reese Hamsmith wa Texas, hakupona. Alimeza betri ya rimoti. Kwa daktari, mwanzoni ilidhaniwa ni maradhi ya kawaida ya koo la watoto. Alifariki Desemba 2020, akiwa na miezi 18. Mama yake hakunyamaza, na Agosti 2022 Rais Biden alisaini sheria inayobeba jina la mtoto huyo. Kazi ya kuisimamia iko kwa tume ya usalama wa bidhaa za watumiaji, yenye makao Bethesda, mwendo mfupi kwa gari kutoka Silver Spring. Sheria inataka mahali pa betri hizi pasifunguke bila bisibisi au kifaa cha namna hiyo, au bila mikono kufanya mambo mawili kwa pamoja, na pakiti zake ziwe na onyo. Ni jambo jema mno, lakini linahusu bidhaa mpya. Boksi la mapambo ulilolihifadhi juu ya kabati tangu 2019 halijui kwamba sheria imepita, na bidhaa zinazoagizwa mtandaoni kutoka kwa wauzaji wasiojulikana nazo huweza kuvuka bila kukaguliwa.

Msako wenyewe sitaki uachwe. Watoto wetu wanaokulia Maryland na Virginia wana michezo mingi ya kioo cha simu na michache ya kuinua mto na kuchungulia chini yake. Ila msako upangwe kuanzia kwa mdogo kuliko wote atakayekuwemo, hata kama sherehe si yake. Mafumbo tunayo: "Nyumba yangu haina mlango" inawapeleka kwenye friji, kwenye trei ya mayai, "Kuku wangu katagia mwibani" inawapeleka kwenye nanasi juu ya meza. Aliyezaliwa Takoma Park huenda hajui jibu, itabidi amkimbilie bibi akaulize, na hilo pekee ni hazina ya kutosha kwa alasiri moja. Au fanya safari ya jahazi kutoka Unguja hadi Muscat: karafuu, iliki na mdalasini kila kimoja kwenye mfuko wa kitambaa ulioshonwa mdomo, watoto wafumbe macho, wanuse, waseme wamefika bandari gani. Tuzo iwe moja, kubwa, ya kugawana. Chochote kinachopenya kwenye bomba la karatasi ya chooni kisifichwe mahali anapofika mwenye chini ya miaka 3. Sumaku ndogo zisiingie kabisa, kwani mbili zikimezwa huvutana tumboni na kutoboa utumbo. Mwanga utoke kwenye tochi yenye betri nene za kawaida. Na mtu mzima mmoja akabidhiwe yule mdogo waziwazi, mbele ya wote, asiwe mpishi wala mpiga picha.

Ukishuku tu kwamba mtoto kameza, usingoje dalili, maana wengine huanza kulia wakati nyama imeshaungua. Mkifika emajensi msiseme "amemeza kitu". Semeni betri, na mwe na mshumaa au kifaa kingine chenye betri kama hiyo mkononi ili nambari ya betri isomwe. Ombeni eksirei mara moja. Kwenye picha betri hufanana na sarafu, ila ukingoni huonyesha duara mbili, moja ndani ya nyingine. Sarafu daktari anaweza kuamua isubiriwe ipite yenyewe. Betri iliyonasa kwenye umio haisubiriwi, na mzazi anayo haki ya kusimama mbele ya dirisha la mapokezi na kusema hivyo kwa sauti.