Jaketi la Mchezo, Dumu la Riziki

Kuna watu wanaolipa fedha ili waogope, na kuna watu wanaoogopa kila siku bure. Swali langu, ndugu msomaji, ni hili: hawa wawili wakikutana kwenye maji yaleyale, wanadaiana nini?

Mfano nauchukua Jinja, Uganda, pale Mto Nile unapotoka Ziwa Viktoria. Vikundi vya wanafunzi wa Ulaya na Marekani wanaotembelea Afrika Mashariki hupenda kutenga siku moja ya kupiga makafi pale. Chombo chao ni kayaki, mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu. Miguu unaiingiza ndani, kiwiliwili kinabaki nje. Mwanafunzi anavalishwa kofia ngumu na jaketi la kuokoa maisha. Anafundishwa kujichomoa chombo kikipinduka, na pembeni yupo mwongozaji anayemtazama kama mama anavyomtazama mtoto anayejifunza kutembea. Anapinduka, anameza mafunda mawili matatu, anatolewa, anacheka. Jioni ana hadithi. Raha tupu!

Sisemi ni dhambi. Wapo washkaji ambao wakisikia habari kama hizi hudakia, "Wazungu bwana, hawana kazi!" Hiyo ni longolongo. Mtoto wa kwetu Madibira akipata mfereji uliojaa kati ya majaruba ya mpunga anajitupa humo, na hakuna anayemuuliza faida. Ujana bila mchezo ni uzee uliowahi kufika.

Tena kayaki yenyewe haikuzaliwa mchezoni. Waliiunda wawindaji wa Inuit, huko Greenland na kaskazini ya mbali ya Amerika, kwa miti, mifupa na ngozi za sili. Maji ya kule ni baridi ya kuua. Kwa hiyo wawindaji walijifunza ufundi wa kupinduka na kuinuka tena bila kutoka chomboni. Leo ufundi huo unafundishwa kama burudani. Kwao ndio uliokuwa jaketi. Aliyetafuta riziki ndiye aliyebuni usalama kwanza. Mwenye starehe kaurithi.

Sasa tazama upande wa pili wa mto uleule. Kabla maporomoko ya Bujagali hayajamezwa na bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012, walikuwapo vijana wenyeji waliojitupa kwenye maji yale yanayochemka wakiwa wamekumbatia dumu tupu la plastiki, lile la lita 20. Mtalii anatoa shilingi, kijana anaruka, picha inapigwa. Mto ni mmoja, na mawe ni yale ambayo mgeni kayavalia kofia. Huyu boya lake ni dumu la maji.

Hivi nani shujaa hapo? Wengi watasema ni wa dumu, kisha wampigie makofi na kuondoka. Makofi ni rahisi. Mimi nauliza habari ya deni.

Mtu atanijibu: kijana hakulazimishwa. Kachagua mwenyewe, kalipwa chake, biashara imekwisha. Ukikataa kumlipa, atalala njaa nawe utajiona mtakatifu. Hoja hii ina uzito, siidharau. Lakini uchaguzi una mizani yake: ukisema "leo sitaki," nini kinakupata? Mwanafunzi akisema leo sitaki, anakaa ukingoni anakunywa soda. Kijana wa dumu akisema leo sitaki, huenda nyumbani hakuna unga. Wote wamechagua, ila mmoja kachagua akiwa na mlango wazi nyuma yake.

Na kuna jambo zito zaidi. Yule anayelipa amevaa jaketi. Jaketi lile ni ushahidi kwamba anajua maji yanaua. Hawezi kesho kusema, "Sikujua." Alijua, akajikinga yeye, kisha akanunua kwa mwenzake hatari ambayo yeye mwenyewe aliikataa. Hapo ndipo mchezo unapogeuka kuwa kosa.

Tusidhani ulinzi wa mchezo ulishuka kutoka mbinguni. Machi 1993 wanafunzi 8 na mwalimu wao waliingia na kayaki katika Ghuba ya Lyme, kusini mwa Uingereza, pamoja na wakufunzi wawili wa kituo cha michezo. Bahari iliwashinda na wanafunzi 4 wakafa. Nchi ikapiga kelele. Mkurugenzi wa kampuni ya kituo hicho akafungwa, na mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria ya kukagua vituo vya namna hiyo.

Kwetu? Tarehe 20 Septemba 2018, miaka 22 baada ya MV Bukoba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa tu walizidi 220. Kanuni ilikuwapo, basi. Tofauti ni kwamba mtalii asipoona jaketi anageuza na fedha zake, wakati abiria anayetoka gulioni na mzigo kichwani hana pa kugeukia. Atapanda tu. Mahali ambapo mtu hawezi kusema "sitaki," kanuni hulala usingizi.

Usangu tunalijua jambo hili bila kupanda kivuko. Ndembera unashuka kutoka nyanda za juu za Iringa, unanywesha mpunga wa Madibira, unaelekea Ihefu. Kifuku kikija bonde linafurika. Mvuvi wa huku ameujua mtumbwi wa gogo na upondo tangu enzi za mababu, na hajawahi kuuita mchezo. Kinga yake ni kujua kuogelea na kumwomba Mungu.

Basi kijana mwenzangu, siku ukipata safari ya masomo ng'ambo, au wageni wakikualika mtoni, nenda kacheze. Ila kabla hujapanda, mtazame mwenyeji anayekushikia chombo: amevaa nini? Kama hana kitu, mwambie mwenye biashara kwamba hupandi mpaka naye avalishwe. Una fedha ya kukataa. Itumie kukataa kwa niaba ya asiyeweza. Si ndoto hii. Palepale Jinja wapo vijana wenyeji ambao leo ndio waongozaji, wamevaa kofia na jaketi, wanalipwa kwa kuujua mto.