Fungu la Kumi la Karata

Mimi ni mhazini wa kanisa letu karibu na Litein, na kabla ya kustaafu nilifundisha hesabu katika shule ya msingi. Nadhani ni kwa sababu hizo mbili mpwa wangu aliniletea mimi swali ambalo lingemfaa mchungaji: "Mjomba, nikishinda Las Vegas nikaleta fungu la kumi, utalipokea?"

Mchana kijana huyu huchuma chai. Usiku hufuatilia kwa simu mashindano makubwa ya poka duniani, World Series of Poker ya Las Vegas, na anawajua mabingwa wake kama wengine wanavyowajua wachezaji wa Arsenal. Kiingilio cha shindano kuu ni dola 10,000, karibu shilingi 1,300,000 za kwetu. Hakuna mchujo wala cheti. Mwenye umri wa miaka 21 na fedha hizo huketi meza moja na magwiji. Tuseme kilo ya majani mabichi inalipwa shilingi 25: atachuma kilo 52,000 ndipo agawiwe karata ya kwanza.

Yeye anautazama mlango wa pili. Kuna mashindano madogo yanayoitwa setilaiti, ambayo mshindi wake hapewi pesa bali kiti katika shindano kubwa. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, aliingilia huko kupitia intaneti kwa dola 86. Mwaka 2003 akawashinda wenzake 838, akiwemo gwiji Sam Farha aliyebaki naye mwishoni, akaondoka na dola milioni 2.5. "Mhasibu tu, mjomba," mpwa wangu huniambia, "mtu wa vitabu kama wewe."

Ningeweza kumjibu kwamba kamari ni dhambi, nikaendelea kunywa chai yangu. Lakini Biblia yenyewe ina kura nyingi. Waisraeli waligawana nchi kwa kura. Mitume walipotaka kujaza nafasi ya Yuda, kura ilimwangukia Mathiya. Hata hapa Kenya, watu waliochanga kununua mashamba ya walowezi mara nyingi waligawana vipande kwa kuokota vikaratasi, na aliyeangukiwa na kipande chenye mawe hakusema mwenzake amemwibia. Kwa hiyo kubahatisha peke yake hakuwezi kuwa ndiyo kosa.

Tena sisi wa Kericho na Bomet tunaishi na bahati kila msimu. Mvua ya mawe hushuka alasiri, ikachana majani ya shamba langu na kuliruka la jirani. Jumapili jirani anamshukuru Mungu kwa kumwokoa, nami niko benchi ya nyuma yake. Mpwa wangu aliona pengo hilo upesi: "Wewe pia unacheza kamari, mjomba, ila karata zako zinagawiwa kutoka mawinguni."

Ni hoja nzuri. Jibu langu nalitafuta chini ya msalaba. Askari walilipigia kura vazi la Yesu, na wiki chache baadaye mitume wakapiga yao. Tendo ni lile lile. Tofauti ni kwamba kwa mitume hakuna aliyevuliwa chochote, lakini kwa askari faida yote ilikuwa nguo ya mtu aliyekuwa akifa juu yao. Mvua ya mawe nayo ikinimaliza, jirani haongezewi hata jani moja. Hasara yangu si bonasi yake.

Sasa tuhesabu meza ya poka. Mwaka 2024 shindano kuu lilikuwa na viingilio 10,112. Katika kila dola 10,000, dola 9,300 zilikwenda kwenye zawadi na 700 zikabaki kwa waandaaji na wafanyakazi wao. Zawadi zote zikawa dola 94,041,600. Waliopata chochote walikuwa 1,517. Viingilio 8,595 viliambulia patupu. Hakuna shilingi moja pale iliyoota kama chai inavyoota. Zawadi ya bingwa, Jonathan Tamayo, dola milioni 10, ilikuwa mifukoni mwa wenzake wiki chache kabla.

Mpwa wangu ana majibu mawili. La kwanza, poka si pata potea ya stendi, ni ujuzi. Nakubali. Asi mbili hugawiwa mara moja katika 221, na ukiwa nazo dhidi ya wafalme wawili bado utashindwa karibu mara moja katika tano. Kungoja, kukokotoa na kusoma uso wa mtu ni akili kweli. Lakini ujuzi unaeleza pesa zimemwendea nani. Hauelezi zimetoka wapi.

La pili lilinisumbua zaidi. "Beatrice Chebet ni wa Kericho," alisema. "Kule Paris alishinda mita 5,000 na 10,000, na wengine wakashindwa. Mbona mlipiga vigelegele kanisani?" Nililala nalo. Kila dhahabu ya riadha Paris ililipwa dola 50,000 na shirikisho la riadha la dunia, na hakuna aliyeshindwa aliyefunguliwa pochi kuzilipia. Walioshindwa walirudi kwao bila medali, lakini nauli ilikuwepo. Kwenye poka walikubali wenyewe, atasema. Aliyeketi mezani alikubali, ndiyo. Karo ya mtoto wake haikuulizwa.

Hata ule mlango wa dola 86 si wa bure. Gawanya 10,000 kwa 86: kiti kimoja ni pesa za watu wapatao 117. Mmoja anakuwa hadithi inayosimuliwa miaka yote. 116 hawana msimulizi. Kanisa linapaswa kuyajua haya, kwa kuwa nasi tuna madhabahu ya ushuhuda, na anayesimama hapo siku zote ni aliyepata. Septemba 2018, Cosmas Korir aliposhinda jakipoti ya shilingi milioni 208 kwa kubashiri mechi, nilisikia watu wakisema Mungu amemkumbuka mmoja wetu. Basi waliobashiri mechi zile zile 17 wakakosa, Mungu aliwasahau? Anayeuita ushindi huo baraka hana budi kuziita hasara zao mapenzi ya Mungu, na mimi siwezi kumwambia mama mboga aliyekosa hivyo.

Jirani yangu Mwislamu aliniambia kwamba kwao Sura ya Al-Maida haikatazi kamari tu, inataja na sababu: inapanda uadui na chuki kati ya watu. Hesabu yangu imefika hapo hapo.

Mpwa wangu na acheze karata kwa maharagwe, nami nitakaa naye nijifunze. Lakini fungu lile sitalipokea. Hata makuhani waliomlipa Yuda waliona haifai fedha zile kuingia hazina ya Hekalu, wakanunua shamba la kuzikia wageni. Wahazini wenzangu, kabla ya kuandika neno baraka kwenye risiti, ulizeni nani amepungukiwa ili sadaka hii iongezeke. Jibu likiwa ni jirani, irudisheni.