Risiti ya uongo kwa matumizi ya kweli

Naomba nianze kwa kukiri. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, na kila mwaka nawafundisha vijana mada ya amana. Mwaka 2024 niliweka saini katika taarifa ya matumizi ya fedha za misaada huku nikijua kuwa baadhi ya risiti zilizoambatanishwa ni za uongo. Hakuna senti iliyoliwa. Lau ingeliwa, mambo yangekuwa mepesi: ningeitwa mwizi na suala lingeishia hapo.

Machi na Aprili mwaka ule mto Rufiji ulifurika. Vijiji vya Rufiji na Kibiti vikazingirwa na maji, mashamba yakazama, watu wakahamia walikopata nchi kavu. Taasisi moja ya nje ilikuwa na fedha lakini haikuwa na mtu kule. Ikaamua, na hapana shaka iliamua vyema, kutoa ruzuku ndogo ndogo kwa vikundi vya wenyeji wenyewe badala ya kuleta magari na maofisa. Nikaombwa kuwa mratibu, yaani mtu wa katikati: kuvitafuta vikundi, kuvifikishia fedha, kukusanya taarifa. Vilipatikana vinne, kila kimoja shilingi milioni nne kwa awamu mbili. Masharti yalikuwa mawili. Kununua vilivyomo kwenye bajeti tu, ambavyo ni vyandarua, mablanketi, sabuni na unga. Na kila manunuzi yawe na risiti ya mashine ya EFD.

Kikundi kimoja kilikuwa cha akina mama katika kijiji cha upande wa Muhoro. Unga waliununua. Lakini barabara ilikuwa chini ya maji, hivyo wakakodi mitumbwi ya kuufikisha. Kuni zote zilikuwa mbichi, wakanunua mkaa, maana unga bila moto ni vumbi tu. Wakati huo huo wakafa wazee wawili, ikabidi zipatikane sanda. Mitumbwi, mkaa na sanda vikafika shilingi laki sita na elfu ishirini, na hakuna hata kimoja kilichokuwamo kwenye bajeti. Tena, ni mpiga kasia gani wa Rufiji mwenye mashine ya EFD?

Mfanyabiashara mmoja aliyetuuzia unga akajitolea kututoa kwenye mkwamo: atakata risiti ya vyandarua kwa kiasi kile kile. Nikakubali. Taarifa ikapita, tukapongezwa kwa kufuata utaratibu.

Baada ya wiki chache mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima kunizidi sana, akaja mjini kwa shughuli zake akapitia shuleni kwangu. Alikuwa ameisikia taarifa ikisomwa ofisi ya kata. Akaniuliza: "Mwalimu, kwenye karatasi sisi tumenunua vyandarua. Siku watu wakija kuuliza viko wapi, mimi nitasema nini? Nitasema tumekula?"

Wallahi sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejipanga kujitetea mbele ya mfadhili, na mbele ya Mola wangu nilikuwa na Hadithi ya nia. Mbele ya mama huyu sikuwa nimejipanga kabisa. Nilidhani nimewakinga, kumbe nimechukua wanawake waaminifu nikawaandika kwenye karatasi kuwa wana vyandarua ambavyo hawajawahi kuviona. Mwizi huacha wizi wake nyuma. Hawa wameachiwa wizi ambao haukufanyika.

Wapo watakaosema hiyo ni dharura, na dharura ina hukumu yake. Ni kweli. Dharura humruhusu mwenye njaa kula mzoga. Lakini sijaona popote ilipomruhusu kuuita mzoga nyama ya mbuzi. Kununua sanda kwa fedha ya vyandarua kulikuwa ndani ya dharura. Kuiandika sanda kuwa chandarua kulikuwa kwa ajili ya usalama wangu mimi, nisije nikaulizwa.

Hata hivyo lawama haiishii kwangu. Anayeweka sharti ambalo mkweli hawezi kulitimiza anajitafutia waongo wa kumhudumia, na atawapata. Mwaka 2016, katika mkutano wa Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika yao waliahidiana kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya dharura ziwafikie wenyeji kwa njia iliyo fupi kadiri inavyowezekana. Mwaka ukafika, lengo likabaki mbali. Sababu wanayoitoa mara kwa mara ni kwamba wenyeji hawana uwezo wa kutunza hesabu. Hesabu za namna gani? Mwenye mtumbwi anazikumbuka safari zake zote. Asichonacho ni mashine.

Nimekuwa nikiilinganisha habari hii na ya Sudan, nchi ambako nilisoma shahada yangu na ambako wapo niliosoma nao mpaka leo. Vita vilipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, mashirika mengi ya kimataifa yaliondoa watu wake ndani ya siku chache. Vijana wa mitaa wakaunda kile walichokiita vyumba vya dharura, wakifuata desturi yao ya zamani ya nafir, ambayo ni sawa na msaragambo wetu. Wakafungua majiko ya pamoja yanayoitwa takaya, jina la zile nyumba za masufi zilizokuwa zikilisha wapita njia. Ndugu waliokimbilia nje wakatuma fedha kwa simu, kupitia programu ya benki iitwayo Bankak. Baadaye wafadhili nao wakaanza kupitisha humo ruzuku ndogo.

Katika takiya, mlaji anaiona sufuria. Anajua jana kulikuwa na adesi na leo hakuna, na anamjua aliyepokea fedha kwa sababu ni mtoto wa jirani. Huo ni ukaguzi, tena mkali kuliko wa karatasi. Kule nimejifunza pia kwamba karatasi si kitu kisicho na madhara. Wahudumu wa majiko hayo wamekamatwa na wengine kuuawa, wakishukiwa na kila upande kuwa ni wa upande mwingine. Mfadhili aliyeketi salama anapotaka orodha ya majina na picha za wanaokula, anaomba kitu ambacho kikiangukia mikono mibaya kinaweza kuua. Je, ana haki ya kukiomba kwa kuwa fedha ni yake?

Na hapa ndipo penye swali lenyewe: fedha ni ya nani? Mtoaji akishaitoa kwa ajili ya mwenye njaa, mwenye amana ni mwenye njaa. Surat Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Sisi wa katikati tumezoea kumtolea hesabu aliyetutuma na kumsahau tuliyetumwa kwake. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, zaidi ya majiko 1,000 ya Sudan yalifungwa kwa hesabu ya wahudumu wenyewe. Waliokuwa wakila hapo hakuna aliyewapa taarifa ya matumizi, wala sababu.

Sisemi risiti zifutwe, na asije mtu akanisoma hivyo. Mtume (s.a.w.) alimkagua Ibn al-Lutbiyya aliporudi kutoka kukusanya zaka, naye alipojitengea sehemu akidai kuwa ni zawadi aliyopewa, Mtume alipanda mimbari akalikemea jambo hilo hadharani. Na katika Surat Baqara, aya ya 282, tumeagizwa tusichoke kuandika deni, liwe dogo au kubwa. Sisi wenyewe tunazijua kamati zetu za misikiti, michango ya ujenzi isiyosomwa mwaka wa tatu huu, na mweka hazina anayekasirika akiulizwa. Wenyeji si malaika. Mwenyeji naye anaweza kumpa shemeji yake mablanketi mawili na mjane asipate hata moja. Lakini mwandishi wa aya ile ameamrishwa aandike kwa uadilifu, na maandishi yamewekwa yawalinde wote wawili, mpaji na mpokeaji. Risiti yangu ilimlinda mmoja.

Wiki ile ile niliiandikia taasisi barua ya kueleza kila kitu. Nilijiona nimetubu. Jibu lilikuwa la heshima: shilingi laki sita na elfu ishirini zirejeshwe, na awamu ya pili ya kijiji kile isimame hadi uchunguzi ukamilike. Fedha nililipa kutoka mfukoni mwangu, kidogo kidogo. Lakini awamu ya pili ilikuwa ya mbegu. Wenyeji wa Rufiji hulima mlau, maji yakishapungua na ardhi ingali na unyevu. Unyevu hausubiri uchunguzi. Msimu ukapita na mbegu hazikufika.

Nilikwenda mwenyewe kumweleza mwenyekiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani akatoka na daftari la shule. Kila safari ya mtumbwi ilikuwamo na jina la mpiga kasia, kila gunia la mkaa, sanda mbili na majina ya marehemu. Walikuwa wameandika tangu siku ya kwanza. Mimi sikuwahi kuwauliza kama wanaandika.

"Sikulaumu, Mwalimu," alisema. "Ila siku nyingine ukitaka kusema kweli, njoo utuambie kwanza. Kweli ile ilikuwa ya kwetu pia."

Tukakaa barazani tukaandika barua nyingine, daftari likiwa kiambatisho. Saini yake ilikuwa ya kwanza, yangu chini yake.