Chozi la Mchezaji ni la Nani?

Mchezaji wa timu ya chuo akikosa penalti na kulia, je, mimi mpiga picha wao nina haki ya kulipiga picha chozi lake? Wenzangu husema aliyeingia uwanjani amekubali kutazamwa. Amekubali kutazamwa akicheza, nakiri, kulia hakukupanga.

Lakini Barcelona, mwaka 1992, Derek Redmond alichanika msuli katika nusu fainali ya mita 400, baba yake akaingia uwanjani kumshikilia hadi mwisho. Picha za kilio kile hazikumvunjia heshima, kwa kuwa zinaonyesha mtu aliyeshikwa. Aliyeachwa peke yake, picha yake ikizungushwa simu kwa simu, inamfaa nani?

Mpiga picha wa gazeti huenda zake. Sisi tunarudi basi moja, Gulu hadi Kampala, zaidi ya kilomita 300, tukigawana gonja baada ya kuvuka Nile pale Karuma. Niliyempiga picha saa kumi alasiri, usiku anasinzia begani mwangu. Kwa hiyo picha ya kilio humwonyesha mwenyewe kwanza, naye ndiye huamua. Wengi hunambia niifute. Mmoja aliiomba, akampelekea mama yake.