TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 15: Je, Mkono Nao Umefunga?



Alhamdulillah, tumefika nusu ya mwezi na tumbo limeshazoea. Leo tuuangalie mkono.

Wapo baba zetu ambao tarawehe hawakosi, safu ya mbele ni yao. Akirudi nyumbani akakuta uji umepoa, anampiga mkewe. Kesho mama anakwenda sokoni Maili Moja kajifunika mtandio hadi machoni. Akiulizwa, "niliteleza bafuni."

Jamani, kipigo kinaumiza kuliko tunavyodhani. Kofi moja linaweza kupasua ngoma ya sikio. Teke kwa mjamzito linaweza kuitoa mimba. Mfupa ukivunjika, akifika Hospitali ya Tumbi atapigwa picha na kufungwa hogo. Yaliyo moyoni hayaonekani kwenye picha. Bodaboda ikisimama nje, moyo unamwenda mbio. Usingizi hapati, chakula hakipandi, anajiona hana thamani. Wengine hufikia kutamani kufa. Wataalamu wanaiita sonona. Sisi tunasema ana jini! Tunamsomea kisomo, na anayemuumiza kakaa pembeni anaitikia amin.

Na si wachache. Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16, wanawake 4 kati ya 10 wenye miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili.

Kuna watakaosema, "mbona Suratun-Nisaa imeruhusu?" Ndugu yangu, aliyeteremshiwa aya hiyo ni Mtume (s.a.w.), na mama Aisha (r.a.) amesimulia kwamba hakuwahi kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Wanawake walipokwenda nyumbani kwake kuwalalamikia waume zao, hakuwaambia wakavumilie. Alisema wanaume hao si wabora.

Tena akatueleza habari ya muflis. Siku ya Kiyama atakuja mtu na swala, saumu na zaka zake, lakini huyu alimtukana, yule alimpiga. Mema yake yatagawiwa aliowadhulumu. Yakiisha, atabebeshwa madhambi yao. Hebu fikiria: unashinda na njaa mwezi mzima, kumbe thawabu zinakwenda kwa yule unayempiga.

Wazazi na makungwi, tunamfundisha mwali kutunza siri za ndani. Tumwambie pia kwamba kipigo si siri ya kutunza. Binti akirudi kwenu Maneromango usiku na kimkoba chake, msikilizeni kwanza, msikimbilie kumrudisha. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimpi mume wala mke haki ya kumchapa mwenzake. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo atapewa PF3 ya kwenda nayo hospitali. Kufika huko ni kuokoa nafsi.

*Kazi ya leo:* Baba, kama umempiga, kabla ya futari mwombe radhi na uache kabisa. Haki ya mja haifutwi kwa kufunga tu. Dada, kama unapigwa, mwambie leo mtu mmoja unayemwamini.

Ewe Mola, itie nyumba zetu mapenzi na huruma, waponye waliojeruhiwa mwili na moyo, na utupokelee saumu zetu. Amin.

Mtumie na mwenzio. Wabillahi tawfiq.