Kuuliza Ni Dhambi?



Juzi nilivuka na mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani pamoja na dada mmoja aliyetoka kwenye kikundi cha maombi. Walimpangia kila kitu: simu, mshahara, hata nani wa kumsalimia. Ametoka, ila akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, na kama kiongozi wetu alikuwa sahihi?"

Nikakumbuka Shakahola, Kenya, 2023. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, na bado baadhi ya waliookolewa walikataa chakula. Mtu anatoka, hofu inabaki naye.

(Sisi Wakatoliki nasi tusijifanye. Baadhi ya viongozi wa kundi la Kanungu, Uganda, walioteketeza watu mwaka 2000, walitoka kwetu.)

Nikamwambia, Tomaso alidai kuona majeraha, na Yesu hakumfukuza, alimwonyesha. Sasa huyo aliyekukataza kuuliza alikuwa analinda nini, imani yako au kiti chake?

Akanyamaza. Tukazunguka magofu ya msikiti mkuu. Wakati wa kurudi akasema, "Nataka kusali, ila nikifumba macho nasikia sauti yake."

Tukasali Baba Yetu macho wazi, mpaka mashua ikafika.