Nat King Cole na Hamu ya Siku Asizoziishi

Mwaka 1963 Nat King Cole alitoa albamu ya nyimbo za majira ya joto, Those Lazy-Hazy-Crazy Days of Summer, na wimbo uliobeba jina la albamu ukapanda hadi nafasi ya 6 katika chati ya Billboard. Nyimbo nyingine kadhaa humo zilikuwa zikipendwa tangu zamani: In the Good Old Summertime ni ya mwaka 1902, ile ya baiskeli ya watu wawili ni ya 1892, na ile ya vijia vya New York ni ya 1894. Cole alizaliwa Montgomery, Alabama, tarehe 17 Machi 1919. Kwa hiyo anaziimbia siku zilizokwisha kabla hajazaliwa, na anaziimba kwa sauti ya mtu aliyezikosa, wala haisikiki kama anaigiza. Hapo pana swali ambalo wanafalsafa na wanateolojia wamelihangaikia kwa karne nyingi: mtu anawezaje kutamani kurudi mahali ambapo hakuwahi kufika? Jibu jepesi ni kwamba anajidanganya. Mimi nashikilia kwamba hamu hiyo ni njia mojawapo ambayo moyo hutambua wema uliokuwa haki yake na haujaupata bado.

Lakini kwanza tuutazame uongo ulivyo, maana ni mkubwa. Siku hizo zinazosifiwa ndizo siku ambazo Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 1896, iliridhia sheria za kuwatenga watu weusi katika mabehewa ya treni, na utengano ukaenea shuleni, mikahawani na katika bustani za umma. Mwaka uleule aliozaliwa Cole, tarehe 27 Julai, kijana mweusi wa Chicago aitwaye Eugene Williams alikuwa akielea katika Ziwa Michigan, akavuka mpaka usioonekana kati ya ufuo wa weusi na ufuo wa weupe. Akarushiwa mawe, akazama, akafa. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38. Hayo nayo yalikuwa majira ya joto, tena ufuoni, na Chicago ndiko familia ya Cole ilikohamia yeye akiwa bado mtoto. Umaarufu haukumwokoa. Aliponunua nyumba mtaa wa Hancock Park, Los Angeles, mwaka 1948, majirani walimpinga, na msalaba ukachomwa moto uwanjani mwake. Tarehe 10 Aprili 1956, akiimba Birmingham katika jimbo alikozaliwa, wazungu wenye chuki walipanda jukwaani wakamwangusha. Mtu huyu hakuhitaji kufundishwa kwamba Marekani ya zamani haikuwa pepo.

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliwahi kuwaeleza watu wanaougua kwa kutamani kurudi kwao. Wakirudi, alisema, wanashangaa kukuta pamepoteza utamu, wakadhani pamebadilika, kumbe walichokitaka ni ujana wao, na ujana haurudi. Ni maelezo mazuri kwa mzee anayekumbuka kijiji chake. Kwa Cole hayatoshi, kwa sababu mwaka 1894 haukuwa ujana wake. Tukiondoa mahali, tukaondoa na ujana, hamu inabaki palepale, na inabidi tuulize imeelekezwa wapi.

Aliyelisogeza swali hili mbali zaidi ni Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, katika kitabu cha kumi cha Maungamo. Anasema watu wote wanataka maisha ya heri, na hakuna awezaye kukitaka kitu asichokijua kabisa. Basi tuliyajua wapi, na lini? Agostino anakataa kwamba tunayakumbuka kama mtu aliyeuona mji wa Karthago anavyoukumbuka, kwa sababu heri haionwi kwa macho. Inafanana zaidi na furaha: kila mtu ameionja kidogo, na kwa kionjo hicho anakuwa na kipimo cha kuzihukumia siku zake zote. Waislamu na Wakristo kwa pamoja wanasimulia bustani aliyotolewa Adamu. Hakuna aliye hai aliyeiona, na bado watu wanaililia. Nikiisikiliza albamu hii kwa sikio la Agostino, miaka ya 1890 haiwi tena mada yake. Ni nguo tu iliyovishwa furaha isiyo na tarehe: jioni isiyo na haraka, watu waliokusanyika bila woga, wimbo ambao kila mmoja anaujua. Ndiyo maana Ralph Carmichael, mpangaji wa muziki ambaye pia alifanya kazi kubwa katika muziki wa Kikristo, amejaza kwaya nyuma ya Cole. Mwimbaji hakumbuki peke yake. Anakumbushwa na wenzake.

Atainuka mtu aseme: hii ni biashara. Kampuni ya Capitol iliuza santuri, na hata ule wimbo uliobeba jina la albamu, unaosikika kuwa wa Kimarekani mno, ulitungwa na Mjerumani, Hans Carste, kisha Charles Tobias akauandikia maneno ya Kiingereza. Ni kweli tupu, na naona inanisaidia. Kama sauti kutoka Ujerumani iliweza kuwa kumbukumbu ya Wamarekani kwa muda wa msimu mmoja, basi walichokitamani hakikuwa mali ya nchi yao. Mfanyabiashara anaweza kuiuzia njaa chakula kibovu, lakini njaa yenyewe hakuitengeneza yeye.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika Biblia. Kitabu cha Hesabu kinawasimulia Waisraeli jangwani wakiwakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti na vitunguu, huku wamesahau kwamba waliyala wakiwa watumwa. Mhubiri naye anakataza kuuliza kwa nini siku za kale zilikuwa bora. Hapa sina budi kukubali: hamu ya aina hiyo hurudisha watu kifungoni, na huenda Wamarekani weupe wengi walizipenda nyimbo hizi kwa sababu hiyohiyo, kwamba ndani yake mtu mweusi hayumo. Lakini kwa Cole yumo. Anaingia katika mwaka 1902 akiwa mwenyeji, anawaalika wengine, na hakuna mlango wa nyuma aliotengewa. Yeyote aliyeimba naye alikubali, kwa dakika tatu, majira ya joto ambayo historia haikuyaruhusu. Kwangu hicho ndicho kigezo: hamu inayomfukuza mtu ili picha ikamilike ni ile ya Misri, na inayompa nafasi aliyefukuzwa imeelekea mbele, hata kama maneno yake yanatazama nyuma.

Wapo waliomlaumu Cole kwamba alikuwa mpole kupita kiasi. Hadhira ya Birmingham ilikuwa ya wazungu watupu, na magazeti ya weusi hayakumwachia hilo. Baadaye alijiunga na NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kama mwanachama wa kudumu. Mei 1963 watoto walipigwa kwa maji ya mabomba ya zimamoto katika mji huohuo, na tarehe 15 Septemba bomu liliua wasichana wanne kanisani. Albamu ya furaha inawaambia nini wazazi wao? Haiwaambii kitu, na ingekuwa kufuru kudai inawafariji. Wimbo haufanyi kazi ya sheria. Ile iliyotiwa saini tarehe 2 Julai 1964 ndiyo iliyowalazimisha wenye hoteli, mikahawa na kumbi kumpokea kila mtu, na Cole aliishi chini yake miezi saba na siku chache tu kabla saratani ya mapafu haijamuua. Ila waliodai sheria hiyo nao walidai kitu ambacho hawakuwahi kukiishi, wakakitambua kuwa chao, na hakuna aliyewaambia kwamba wanajidanganya kwa sababu tu hawakuwa na kumbukumbu yake.